Kabla Kisu Hakijafika

Februari 2013, katika mji mdogo wa Buseresere mkoani Geita, ubishi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja mnyama wa kuuzwa buchani ulifika hadi kutoa roho ya mtu. Mjadala ukasambaa nchi nzima, viongozi wa dini na wa serikali wakakaa vikao, na kila upande ukaeleza kwa nini mkono wake ndio unaostahili kushika kisu. Ng'ombe mwenyewe, ametoka wapi, amesafiri siku ngapi, amekunywa maji lini mara ya mwisho, hakuwa sehemu ya ugomvi. Ndivyo wengi wetu tunavyolitazama suala la nyama na huruma. Ukimuuliza mtu kama nyama anayokula imepatikana bila ukatili, atakujibu habari za kisu: kilikuwa kikali, jina la Mungu lilitajwa, damu ilitoka yote. Nadhani tunautafuta ukatili mahali padogo mno. Kisu huchukua sekunde. Kikichelewa sana, dakika moja au mbili. Barabara huchukua siku. Maisha ya mnyama huchukua wiki kadhaa kwa kuku wa kisasa na miaka kwa ng'ombe. Kwamba nyama inaweza kupatikana na kuliwa kwa huruma ni jambo nitakalolitetea hapa, ila hesabu yake ianzie mbali zaidi ya mlango wa machinjio.

Hata hivyo kisu tusikiruke, maana kina mambo yake. Kondoo au mbuzi akikatwa vizuri, mishipa mikubwa ya mbele ya shingo ikaachia damu, fahamu humtoka ndani ya sekunde chache, mara nyingi chini ya ishirini. Ng'ombe ameumbwa tofauti. Ubongo wake hupata damu pia kupitia mishipa iliyojificha ndani ya mifupa ya shingo, ambako kisu hakifiki, ndiyo maana baadhi ya ng'ombe hubaki na fahamu kwa zaidi ya dakika moja baada ya kukatwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey huko New Zealand walipima mawimbi ya ubongo wa ndama waliokuwa katika usingizi mwepesi wa dawa, wakaona kwamba mkato wa shingo unaleta mabadiliko yale yale yanayoletwa na maumivu. Utafiti wa namna hiyo ndio unaotajwa kila mara na wanaotaka mnyama azimishwe fahamu kwanza, kwa umeme au kwa bastola maalumu inayopiga paji la uso. Nchini Ubelgiji, majimbo ya Flanders na Wallonia yaliondoa mwaka 2019 hata msamaha wa kutozimisha fahamu waliokuwa wamewekewa Waislamu na Wayahudi, na mwaka 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba hatua hiyo haikuvunja uhuru wa dini.

Mwislamu ana haki ya kuhoji kwa nini ufundishaji wa huruma uanzie Ulaya. Uislamu uliuwekea uchinjaji masharti karne nyingi kabla ya sheria hizo: kisu kinolewe vizuri, kisinolewe mbele ya macho ya mnyama, mnyama asiburutwe, na asichinjwe mwenzake akitazama. Zaidi ya hayo, mgongano wenyewe si mkali kama unavyosemwa. New Zealand huuza nyama ya kondoo halali kwa wingi, na kondoo hao hupigwa umeme wa kichwa tu, kiasi ambacho mnyama asipochinjwa huzinduka na kusimama. Wapo wanazuoni wanaoukubali utaratibu huo, wapo wanaoukataa. Bastola ikielekezwa vibaya humwongezea mnyama maumivu, sawa na kisu butu kinachokwenda na kurudi. Kwa hiyo ustadi wa mchinjaji na utulivu wa mnyama vina uzito kuliko aina ya chombo. Linalotia aibu ni jingine: katika machinjio yetu mengi ng'ombe huangushwa kwa kamba juu ya sakafu yenye damu ya aliyetangulia, na anayefuata amesimama hatua chache kutoka hapo akitazama na kunusa. Kwa kipimo cha sunna yenyewe hilo halipiti, na halihitaji mgeni kuja kutuambia.

Sasa twende barabarani. Sehemu kubwa ya ng'ombe wanaoliwa Dar es Salaam hutoka mbali: Shinyanga, Simiyu, Tabora, Singida, Dodoma. Kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu ni karibu kilomita 1,000. Kabla ya kupanda lori, ng'ombe huyo ameshaswagwa kwa miguu hadi mnada wa kijijini, akauzwa, pengine akauzwa tena kwenye mnada wa upili kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha kusafirisha. Lori lenyewe mara nyingi ni la mizigo ya kawaida lililoongezewa kingo za mbao au mabomba. Pasipokuwa na jukwaa la kupakilia, dereva hurudisha lori nyuma hadi kwenye tuta la udongo, na ng'ombe anayegoma kupanda husokotwa mkia. Ndani wanabanwa, na kubanwa huko kuna akili yake: kunawafanya wasianguke, kwa sababu aliyeanguka ni nadra kuinuka. Sakafu imelowa mkojo na kinyesi, kwato zinateleza, na wenzake hawana pa kukanyaga isipokuwa mbavu zake. Hapo ndipo utingo anapopanda juu ya mabomba lori likiwa linakwenda, akimchoma kwa fimbo na kumvuta mkia ili asimame. Maji hakuna mpaka kituo kinachofuata, na kituo kinachofuata si lazima kiwe na birika. Nairobi inalishwa kwa namna hiyo hiyo, ng'ombe wakitoka Garissa, Isiolo na Moyale kwenda Dagoretti, mbuzi wakiishia Kiamaiko.

Mateso hayo yanaacha alama kwenye nyama, na alama hiyo inapimika. Misuli ya mnyama aliyepumzika ina sukari ya akiba. Akishachinjwa, sukari hiyo hugeuka tindikali, na kipimo cha pH cha nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5, ndiyo tindikali inayozuia vijidudu visizaliane upesi. Mnyama aliyechoka, aliyeogopa na kukosa chakula kwa siku mbili amekwisha kuitumia akiba yake kabla hajafika kwenye kisu. Nyama yake hubaki juu ya 6, huwa nyeusi na kavu, hunata kidoleni, na huharibika haraka, jambo zito kwenye bucha isiyo na jokofu. Ongeza kilo alizopoteza njiani na vipande vya paja vilivyovilia damu ambavyo mkaguzi hukata na kutupa. Mfanyabiashara anayedhani anaokoa nauli kwa kujaza lori analipa upande wa pili bila kuona. Nawaeleza hivi wale wanaosema ustawi wa wanyama ni gharama tusiyoimudu: sehemu ya gharama hiyo tunailipa tayari, na hatupati kitu.

Wala dawa yake si kitendawili. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilipitisha mwaka 2005 viwango vya kusafirisha na kuchinja wanyama, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Mmarekani Temple Grandin, ambaye miundo yake ya njia za kupitishia ng'ombe inatumika katika machinjio mengi ya Amerika Kaskazini, alianza kwa kuinama na kutazama kile ambacho ng'ombe anakiona. Aligundua kwamba ng'ombe anayepigwa kwa sababu ya ukaidi mara nyingi amesimama kwa sababu ya mnyororo unaoning'inia, kivuli kilichokatiza sakafu, au koti lililotundikwa kwenye uzio. Kuliondoa koti hakuhitaji mfadhili. Jukwaa la zege la kupakilia, sakafu iliyokwaruzwa isiteleze, birika la maji: hivi ni vitu ambavyo fundi wa mtaani anaviweza. Kubwa zaidi, na ghali zaidi kwa kuanzia, ni kumchinja ng'ombe karibu na alikokulia na kusafirisha nyama katika magari ya baridi badala ya kusafirisha mnyama mzima. Pale ambapo biashara ya wanyama hai imeendelea kwa sababu tu ndivyo ilivyozoeleka, matokeo yake yanajulikana. Juni 2022 meli ya Al Badri 1 ilizama bandarini Suakin, Sudan, ikielekea Saudi Arabia na kondoo wapatao 15,000, idadi iliyozidi uwezo wake kwa maelfu. Karibu wote walikufa. New Zealand ilipiga marufuku kusafirisha mifugo hai kwa bahari Aprili 2023.

Ukiondoa barabara, ng'ombe, mbuzi na kondoo wetu wengi wana maisha ambayo mfugaji wa Ulaya hulipia pesa nyingi kuyatangaza kwenye lebo. Wanatembea, wanachagua majani, wanalala karibu na wenzao, ndama ananyonya mama yake. Sitaki kuyapaka rangi maisha hayo. Chuma cha moto kinachoma ngozi, madume huhasiwa kwa koleo bila ganzi, kupe na ndigana huua. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo zaidi ya milioni mbili nchini Kenya, nao walikufa polepole, kwa njaa, kifo kirefu kuliko cha kisu chochote. Lakini haya ni mateso ambayo mwenye mali mwenyewe angependa yasiwepo, na josho, chanjo na kuuza mapema kabla ya kiangazi huyapunguza. Faida ya mfugaji na afya ya ng'ombe wake zinakwenda njia moja.

Kwa kuku wa nyama, yule anayeitwa broila, faida na afya zimeachana njia, na hapa ndipo nilipo na mashaka makubwa. Mwaka 1948 Marekani ilihitimisha shindano la kumtafuta kuku wa kesho, mwenye kidari kinene na anayekua upesi. Wafugaji wa mbegu walifanikiwa kupita kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifuga pamoja kuku wa ukoo wa 1957 na wa ukoo wa 2005, chakula kimoja, siku zile zile. Siku ya 56 kuku wa zamani alikuwa na gramu 905. Wa kisasa alikuwa na gramu 4,202. Mifupa na moyo havikuongezeka kasi kwa kiwango hicho. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, ukihusu kuku 51,000, ulikuta zaidi ya robo yao wanatembea kwa shida wakiwa na umri wa siku 40 hivi, na wengine hawawezi kutembea kabisa. Wako wanaosema kuku hajui maumivu, ni kelele tu. Hao wausome utafiti wa mwaka 2000, ambamo kuku wenye vilema vya miguu waliwekewa vyakula viwili, kimoja kikiwa na dawa ya kutuliza maumivu. Kadiri kilema kilivyozidi ndivyo kuku alivyokula zaidi chakula chenye dawa, na wazima hawakukipendelea. Kiumbe kisichoumia hakina sababu ya kujitafutia dawa.

Mbegu hizo, Cobb na Ross, ndizo zilizojaa mabanda ya Kibaha, Thika na Kampala. Mama mwenye kuku 300 juu ya maranda nyuma ya nyumba yake si kiwanda. Anawajua, anafungua mapazia jua likizidi, akiona mmoja amezubaa humtenga. Hata hivyo mwili aliouziwa katika kifaranga cha siku moja umeshaamuliwa na mtaalamu aliyeko ng'ambo, na wema wake hauwezi kuibadilisha miguu ile. Wiki ya tano au ya sita kuku hao hukamatwa usiku, na wengi husafiri hadi soko kama Shekilango la Dar es Salaam wamefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda. Ndege hana kiwambo kinachotenga tumbo na kifua kama alichonacho binadamu. Akigeuzwa, matumbo yote huegemea vifuko vyake vya hewa, na kila pumzi inakuwa kazi. Anayepita barabarani huona kuku waliotulia, akadhani wamezoea.

Halafu kuna hesabu ambayo haisemwi. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hutoa nyama na mifupa kilo mia na kidogo. Broila aliyetayarishwa hutoa kilo moja na robo hivi. Mji unaohama kutoka mchuzi wa ng'ombe kwenda chipsi kuku hubadilisha uhai mmoja uliotembea malishoni kwa uhai kama 80 au 90 wa wiki sita bandani. Dunia sasa inachinja zaidi ya kuku bilioni 70 kila mwaka. Madaktari wana sababu zao za kusifu nyama nyeupe, na wanaohesabu gesi ya methani wana zao, tena nzito. Lakini kwa kipimo cha mateso, kidari cha kuku ndicho kitoweo kigumu zaidi kukitetea mezani, wakati wengi wetu tunakiona ndicho kisicho na lawama.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wale wasiojali barabara wala banda. Peter Singer, aliyeandika mwaka 1975 kitabu kilichoamsha harakati za kutetea wanyama, alisimama zaidi kwenye mateso; Tom Regan, mwaka 1983, alikwenda mbali zaidi: mnyama ana maisha yake mwenyewe, si chombo cha mwingine, na kumwua bila maumivu bado ni kumnyang'anya siku zake. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba bila sisi asingezaliwa. Jibu hilo halifai, kwa sababu lingemhalalisha hata broila asiyeweza kusimama. Mimi nakubali kwamba mnyama hupoteza kitu cha kweli anapochinjwa, na kwa hiyo anayemchinja anadaiwa sababu. Sababu hizo hazilingani. Mfugaji wa Turkana au Simanjiro anaishi kwenye ardhi ambayo mahindi hukauka yakiwa ya magoti. Majani yake hayaliwi na mtu ila kwa kupitia tumbo la mbuzi. Huyo anayo sababu. Mkazi wa Mikocheni au Westlands aliyezungukwa na maharage, choroko, kunde, dagaa na maziwa, anayechoma kilo mbili za mbuzi kwa sababu ni Jumamosi, ana sababu nyembamba zaidi, na ni haki aione hivyo.

Pingamizi la upande wa pili ni la umaskini: mnazungumzia huruma kwa kuku huku watoto wamedumaa. Hilo lina ushahidi, na ushahidi mzuri uko Embu, Kenya. Kuanzia 1998, wanafunzi wa shule 12 huko waligawanywa. Wengine walipewa githeri iliyoongezwa nyama, wengine maziwa, wengine mafuta, na wengine hawakupewa kitu shuleni. Waliokula nyama walizidi wenzao katika jaribio la kufikiri, na walikuwa wachangamfu zaidi uwanjani. Wanaharakati wa miji ya nje wanaotaka Afrika iache nyama wanapaswa kulijibu hilo. Ila tazama kiasi: nyama iliyowekwa haikufika gramu 100 kwa mtoto kwa siku. Mmarekani wa kawaida hula zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka. Mtanzania hafiki kilo 20, na wastani huo unaficha wanaokula kila siku na wanaosubiri Idi au Krismasi. Mwenye kuhitaji nyama anahitaji kidogo, na kidogo hicho malisho yetu yanaweza kukitoa bila kumtesa mtu wala mnyama. Kinachohitaji banda la kuku wasiotembea ni hamu ya wasio na uhitaji, pamoja na bei wanayotaka ishuke kila mwaka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Nyama ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wa malishoni inaweza kuliwa kwa dhamiri safi siku ambayo safari na machinjio vitarekebishwa, na marekebisho hayo yako ndani ya uwezo wetu. Broila kama anavyofugwa leo hawezi kuingia humo, hata achinjwe na nani, mpaka mbegu ibadilike. Uholanzi imeonyesha kwamba maduka makubwa yanaweza kuachana na kuku wa haraka mno na wateja wakabaki. Kwetu kuku wa kienyeji na chotara bado wapo, ni ghali, na ughali huo ndio bei yao halisi; basi waliwe wachache. Ukinunua kuku sokoni, mtake muuzaji amchinje hapo hapo au amweke kwenye tenga akiwa amesimama. Ukiwa na bucha, mkatae msafirishaji anayekuletea ng'ombe wenye mbavu zilizovilia damu. Na kila ng'ombe anayeuzwa mnadani hulipiwa ushuru: muulize diwani wako ni kiasi gani kati ya fedha hizo kimejenga birika la maji na jukwaa la kupakilia. Bajeti ya halmashauri hupitishwa kila mwaka kabla ya Julai.